Oili Niliyoimwaga Kanisani

Mimi ni fundi wa jenereta, na Juba fundi wa jenereta hatangulii kusalimu, anasalimiwa. Umeme wa mji upo siku hizi, unakuja na kuondoka unavyotaka, lakini hoteli, benki na zahanati bado hazijauamini. Kila ua mkubwa una mashine inayonguruma nyuma ya ukuta, na kila mashine, ikishanguruma saa zake, lazima ibadilishwe oili. Hapo ndipo ninapoingia. Nafungua kizibo cha chini, oili ya zamani inatoka nyeusi na ya moto, naikinga kwa beseni, naitia kwenye jerikeni, naweka mpya, najaza fomu, naenda zangu.

Kwenye fomu kuna swali moja mwishoni: oili ya zamani imepelekwa wapi? Kwa miaka mingi niliandika jibu lile lile, "imetupwa ipasavyo". Mkono ulizoea hata ukawa unaliandika kabla sijalisoma swali. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza ipasavyo ni wapi, na ni heri hawakuuliza, maana singekuwa na la kusema.

Nilijua. Nataka hili lieleweke mapema, asije mtu akanihurumia bure. Kazi hii niliisomea kwetu Kenya, katika chuo cha ufundi, na mwalimu wetu wa karakana alikuwa mtu mkali aliyetulazimisha kufuta hata tone moja lililoanguka sakafuni. Alisema oili iliyotumika ina masizi na unga wa chuma ndani yake, na ikishashuka ardhini hakuna wa kuiita irudi. Niliyaandika hayo kwenye daftari. Yakaulizwa kwenye mtihani, nikajibu, nikapata alama zote. Kwa hiyo mimi si mtu aliyekosea kwa kutojua. Mimi ni yule aliyepata alama zote.

Nilipofika Juba niliulizia pahali pa kupeleka oili chafu. Mkubwa wangu, Mkenya mwenzangu, alicheka hadi akakohoa. "Wewe tafuta tu pahali," akasema. Nilitafuta wiki moja, nikachoka. Jerikeni zikaanza kupangana nyuma ya karakana yetu kule New Site, safu juu ya safu, zikafika dirishani. Katika ua ule waliiba nyaya, wakaiba betri, wakaiba hata viatu vyangu vya kazi nilivyovianika ukutani. Jerikeni za oili chafu hazikuguswa na mtu.

Kisha jirani mmoja akaja kuomba lita tano za kupaka nguzo zake. Mchwa wa Juba hawana adabu. Unasimamisha nguzo ya mti ukiwa na furaha ya mwenye nyumba, na kabla hujaezeka, imebaki ganda. Jirani alipaka nguzo zake oili, mchwa wakazikwepa, habari ikaenea. Wakaja wengine na vidumu. Walikuwa wanashukuru kwa mikono miwili. Mimi nami nikaona nimepata ule mlango niliokuwa nikiutafuta: kitu kibaya kinatoka getini kwangu na jina la zawadi. Tenda wema nenda zako, wahenga walisema, nami nilikuwa natenda na kwenda kweli kweli.

Lakini nguzo hazinywi oili nyingi. Jerikeni zilikuwa bado zimefika dirishani.

Naishi Lemon Gaba, pembeni mwa mji, ambako nyumba nyingi ni mpya na wenyewe wengi ni watu waliorudi kutoka Uganda. Kanisa letu liko kwenye mteremko mdogo. Lina paa la mabati na kuta zinazofika kiunoni, na mbele yake kuna uwanja mpana, mtupu kabisa. Huku kwetu mwenye kiwanja hufyeka majani hadi udongo ubaki uchi, kwa kuogopa nyoka. Miti iliyokuwepo ilikwisha kuwa makaa kabla sijafika. Halafu kiangazi kikija sote tunalalamika kuhusu vumbi, kana kwamba limetumwa na adui. Mchungaji alikuwa anahubiri huku akikohoa, na mashati meupe ya kwaya yalirudi nyumbani mekundu.

Aliyepambana na vumbi lile alikuwa mama mmoja mjane, ambaye kiwanja chake kiko chini ya kanisa, ukivuka tu ua wa matete. Alikuwa na kisima. Mumewe alikichimba kwa sururu mwaka waliorudi kutoka kambini Uganda, akapasua mawe siku baada ya siku watu wakimcheka, hadi maji yakatoka. Muda mfupi baadaye akafariki. Wengine wote tunanunua maji ya lori, tunajaziwa mapipa na matangi. Mama huyu alikuwa anachota ya kwake. Kwa kisima kile alimwagilia sukuma wiki na kudra, ile mboga ya kuteleza ambayo watu wa Juba hawawezi kukaa wiki bila kuila, na kwa mboga hizo aliishi. Na kila Jumamosi jioni, na tena Jumapili asubuhi, alipandisha jerikeni moja moja hadi kanisani akanyunyizia uwanja wote kwa mkono.

"Mimi hapana pesa ya sadaka," aliniambia siku moja nilipomkuta katikati ya kazi. "Mimi natoa maji."

Jumapili moja nilimwona amejishika mgongo, ameegemea ukuta, macho amefumba. Nilimhurumia. Sitaki kusema huruma ile ilikuwa ya uongo. Ilikuwa ya kweli, ila nyuma yake kulikuwa na jerikeni zimefika dirishani. Nikakumbuka shule yangu ya msingi, jinsi mwalimu mkuu alivyokuwa akipaka oili chafu sakafu za mbao kila muhula ulipofungwa ili vumbi lisipande. Nikamwendea mchungaji nikamwambia kwamba naweza kuumaliza ugonjwa wa vumbi bila kanisa kutoa hata shilingi. Akanishika bega. Nadhani alikuwa amechoka kukohoa.

Jumamosi iliyofuata nilileta jerikeni kwa pikapu ya kazini. Tulitoboa makopo ya rangi kwa msumari tukamwaga oili kama mtu anayemwagilia bustani. Mama wa kisima alileta fagio lake la vijiti, akawa anaisambaza nyuma yetu, akisukuma nyeusi ile hadi kwenye pembe, kwa bidii yake ile ile ya kila siku. Jioni uwanja ulikuwa mweusi, umeshikana, unang'aa kidogo. Ulinuka kama karakana, lakini tukasema harufu itaondoka na jua, na ikaondoka.

Jumapili hakukuwa na vumbi. Watu walitembea wakiangalia miguu yao kwa mshangao. Mchungaji alinisimamisha mbele, akawaambia waumini kwamba wengine hutoa fedha na wengine hutoa akili, na kwamba wema hauozi. Wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Kisha akauombea uwanja na aliyeutengeneza. Ibada ilipokwisha mama wa kisima alinishika mikono yote miwili.

"Fundi, Mungu akubariki," akasema. "Mugongo yangu imepona juu yako."

Nikajisikia vizuri sana. Naona haya kuandika jinsi nilivyojisikia vizuri. Mtu anaweza kufanya kazi mji wa ugenini miaka na miaka, akawa ni mkono unaoitwa mashine ikizima, na siku moja watu wanampigia vigelegele. Tangu siku hiyo nikawa nakaa benchi la pili, karibu na wazee. Kila mwezi wa kiangazi nilirudia kumwaga. Nilimwaga njia ya kutoka getini, nikamwaga chini ya mabanda ya shule ya Jumapili, nikamwaga hata pale ambapo hapakuwa na vumbi la kusumbua mtu. Kwenye fomu niliandika ipasavyo, na mara hii nilikuwa karibu kuamini.

Mvua ya kwanza ilikuja adhuhuri, ile mvua ya huku inayoanza kwa upepo na kuangusha viti. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kanisa. Maji hayakuzama. Udongo ulikuwa umefunga, kwa hiyo yaliteleza juu yake, na yalivyoteleza yakavaa rangi: buluu, zambarau, njano. Watoto walikimbia kuzikanyaga wakizifurahia. Maji yakakusanyika kwenye pembe ya chini, yakapita chini ya ua wa matete, yakaingia kwa mama. Ukingo wa kisima chake haukuwa juu kuliko goti langu, na matofali yake hayakuwa na saruji.

Nilisimama nikatazama hadi mvua ikaisha. Kisha nikajiambia kwamba udongo huchuja. Fundi mzima, mwenye cheti, nikajiambia udongo huchuja.

Wiki chache baadaye kulikuwa na ubatizo. Maji ya ubatizo yalitoka kisimani kwa mama, kama ilivyokuwa desturi, kwa kuwa ndiko karibu. Yaliletwa katika beseni jeupe la bati, likawekwa juu ya meza mbele yetu. Nami nilikuwa benchi la pili, pahali pazuri pa kuonea. Utando ulikuwa juu ya maji, mwembamba, unajikunja pembeni, na jua la dirishani likautia rangi zote. Mchungaji aliinama. Nikaona amesita, kikombe mkononi. Mtu nyuma yangu akanong'ona kwamba ni sabuni, beseni halikusuuzwa vizuri. Mchungaji naye labda aliamini hivyo, kwa sababu alikipitisha kikombe katikati ya utando, akachota.

Alikuwa mtoto wa kike wa miezi michache, amevalishwa gauni refu kumpita. Nilikuwa na pumzi ya kutosha kusema, "Mchungaji, ngoja." Maneno mawili tu. Badala yake niliangalia viatu vyangu. Nilisikia maji yakimwagwa mara tatu, na nilipoinua kichwa yalikuwa yanateremka kutoka kwenye paji la uso wa mtoto na kuingia sikioni. Mama wa kisima alikuwa amesimama kando na taulo. Aliliangalia beseni, kisha akaniangalia mimi. Nikafikiri macho yetu yamekutana tu.

Wiki hiyo hiyo maji yake yakaanza kunuka waziwazi. Alichota ndoo, akaipeleka kwa mchungaji, na wazee wakaitwa chini ya rakuba, kile kivuli cha matete tulichojenga ubavuni mwa kanisa. Nami niliitwa, kwani nilikuwa mzee wa heshima tayari. Haikuwachukua muda kumpata mkosaji. Juu kidogo ya kanisa, kwenye kona ya barabara, kulikuwa na mtu mmoja aliyeosha pikipiki za bodaboda kwa pampu, na kuzibadilisha oili. Mtu mzima mwenye watoto, aliyerudi kutoka Uganda kama wenzake, ila hakuwa mwumini wetu. Hilo lilirahisisha mambo.

Aliitwa akaja, kofia mkononi.

"Mimi nabadilisha pikipiki tatu, nne kwa siku," alisema. "Oili yake ni kikombe, kikombe. Mimi natia ndani ya jerikeni, nauzia watu ya nguzo. Mimi hapana mwaga chini."

Nilijua anasema kweli. Nilikuwa nimeiona ile jerikeni yake, imefungwa kizibo, imewekwa juu ya jiwe. Aliitunza oili yake kuliko nilivyowahi kuitunza yangu.

Mchungaji akanigeukia. "Fundi, wewe ndiye unayejua mambo haya. Hii inaweza kuwa ya pikipiki?"

Wote wakaniangalia, na yule mtu akaniangalia kwa matumaini, kwa sababu mimi ni mtu wa kazi kama yeye, na mtu wa kazi angejua kwamba kikombe kimoja hakiharibu kisima.

"Inawezekana," nikasema.

Nimelitafakari neno hilo kuliko aya yoyote ya Biblia. Halikuwa uongo, ndiyo maana nililichagua. Mtu akisema uongo angalau amejitosa. Mimi nilisimama ukingoni nikamsukuma mwenzangu kwa kidole kimoja. Wazee wakamwambia ahame, na siku tatu baadaye alipakia pampu na mabomba yake kwenye raksha, ile pikipiki ya magurudumu matatu, akaondoka. Nilikuwa napita kwenda kazini. Nilijifanya nazungumza na simu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakuna aliyefikiria uwanja, ambao kila mmoja alikuwa ameukanyaga kwa miguu yake. Nami nimejiuliza. Nadhani ni kwa sababu uwanja ule ulikuwa umeombewa. Ulikuwa umepigiwa vigelegele. Watu hawatafuti sumu ndani ya kitu walichokishukuru mbele ya Mungu. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya nguo, nimeketi benchi la pili.

Pikipiki zilikwenda na kisima hakikupona. Sukuma ya mama ikawa njano kuanzia ukingoni, kisha kudra ikalala, kisha siku moja nikaona ameyang'oa matuta yote. Alianza kusimama barabarani na pipa kungoja lori la maji kama sisi wengine, mwanamke ambaye kwa miaka hakuwa amenunua maji. Nikampelekea jerikeni nne kutoka tangi langu. "Asante, Fundi," akasema. Nikapeleka tena, akashukuru tena. Ile asante ilinichoma hadi nikaanza kuzunguka njia ya mbali ili nisipite mbele ya mlango wake. Nikahama benchi la pili nikawa nakaa nyuma, nikisema kule kuna upepo.

Alasiri moja ya Jumamosi njia ya mbali ilikuwa imefungwa na lori lililozama kwenye matope, ikabidi nipite kwake. Nilimkuta kisimani. Alikuwa anachota ndoo, anaibeba hadi mbali, anaimwaga, anarudi anachota tena. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa kamba.

"Unafanya nini, Mama?"

"Maji mbaya iko juu," akasema bila kusimama. "Maji muzuri iko chini. Mimi natoa mbaya mupaka iishe."

"Tangu lini?"

"Mwezi moja sasa. Kila siku."

Nilikuwa na mfuko wa mkate mkononi na sikujua niuweke wapi.

"Wacha, Mama. Haitaisha."

"Wewe najuaje haitaisha?"

"Kwa sababu ni yangu," nikasema. "Si ya pikipiki. Ni ile ya uwanja. Mvua iliileta hapa, na niliiona ikija."

Nilingoja alie, au anifukuze. Alizungusha kamba yake mkononi taratibu, duara juu ya duara, akaiweka chini.

"Mimi najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya mutoto. Mimi iliona maji. Halafu mimi iliona wewe naangalia viatu."

Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwa nini hakusema. Alipindua ndoo akaikalia.

"Nani alipaka?" akauliza. "Wewe ulileta, lakini fagio ilikuwa yangu. Mimi ilishukuru wewe mbele ya watu. Halafu ile mutu ya pikipiki wanamufukuza, mimi iko pale, nanyamaza. Sasa mimi nasema nini kwa watu?" Alipangusa viganja kwenye nguo yake. "Lakini wewe ulisoma, Fundi. Mimi hapana soma. Mimi ilifikiri, kama ni mbaya, fundi atasema."

Nimetukanwa Juba kwa lugha nne. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama maneno yale, na hakuyasema kwa hasira. Nilichuchumaa karibu na kisima kilichochimbwa na marehemu mumewe nikaona aibu ya kimwili, masikio yanawaka, kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Nisamehe, Mama."

"Kwangu umesema, kalas, imeisha," akajibu. "Sasa enda kwa ile mutu. Halafu usimame pale walikupigia makofi."

Nilimpata yule mtu katika mtaa wa Malakia, karibu na maduka ya zamani, akiosha pikipiki kando ya watu wengine watatu wa kazi hiyo hiyo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kwenye matope ya maji yake. Alizima pampu ili anisikie vizuri, na hilo lilinifanya nijisikie vibaya zaidi, kwa sababu ilibidi niseme kwa sauti ya kawaida. Hakunitukana. Alisema tu kwamba kule Lemon Gaba alikuwa na wateja wake, na hapa yeye ni mtu mpya, anapewa pikipiki ambazo wengine wamezikataa. Kisha akauliza, "Utasema mbele ya watu?"

"Nitasema."

"Siku gani?"

"Jumapili."

"Mimi nakuja," akasema, akawasha pampu.

Alikuja kweli. Alisimama karibu na mlango na kofia yake mkononi. Kama asingekuja, sina hakika kama ningeinuka. Mchungaji alidhani nina tangazo, akanipa nafasi huku akitabasamu. Nikasema kwamba oili iliyo katika kisima ni ya jenereta zangu, kwamba niliileta kanisani kwa sababu sikuwa na pa kuitupa, kwamba nilijua madhara yake tangu chuoni, na kwamba mtu wa pikipiki alifukuzwa kwa neno langu. Hapakuwa na makofi. Nilisikia bati likilia kwa joto. Mchungaji aliketi. Halafu mama wa kisima akasimama pahali pake akasema, "Na fagio ilikuwa yangu," akaketi. Nilipotazama mlangoni, yule mtu alikuwa amevaa kofia yake na kuondoka. Mchungaji alimfuata Malakia siku ya pili yake kumwomba msamaha na kumwomba arudi. Msamaha alitoa, kurudi alikataa.

Wiki iliyofuata tulikwangua uwanja. Tulikwangua kwa majembe kina cha kiganja, tukatia udongo mweusi ule kwenye mifuko ya saruji iliyokwisha kazi, tukahesabu mifuko sitini na moja. Ndipo likaja swali la fomu, lile ambalo nilikuwa nimelijibu miaka yote kwa neno moja: inapelekwa wapi?

Mzee mmoja alisema tuimwage kwenye khor, ule mkondo unaopita maji wakati wa mvua tu, itachukuliwa.

"Nani anakaa chini pale?" mama akauliza.

Mwingine akasema tuipeleke nyuma ya mlima. Mwingine akasema jalalani, nje ya mji. Kila mara mama aliuliza swali lile lile, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hakika, nilipakia mifuko ya kwanza kwenye pikapu nikaenda kuona. Kwenye khor nilikuta wanawake wanachimba mchanga, watoto wao wameketi majini. Kule mlimani nilikuta familia zinaponda kokoto kwa nyundo, na sufuria zao za chakula ziko motoni papo hapo. Jalalani nilitumaini, maana jalala ni jalala. Nilikuta watu wamejenga humo humo, kwa mabati na maturubai, na mwanamke mmoja ameanika nguo alizofua. Alinipungia mkono akidhani nimeleta chupa za kuuza. Niligeuza gari.

Mifuko yote sitini na moja iko kwangu. Nimeipanga kwenye kiwanja changu juu ya mabati, nikaifunika turubai, nikaizungushia mtaro. Wageni wakija huuliza kama naanza kujenga. Ninapowaambia ni udongo wa kanisani huuliza kwa nini, na inanibidi nianze mwanzo. Kazini jerikeni zimefika tena dirishani. Kwenye fomu sasa naandika "iko karakana kwetu", na mkubwa wangu ameniita mara mbili kuniuliza kama nataka kazi au sitaki. Oili ya kupaka nguzo siwapi watu tena. Wanasema nimekuwa mchoyo.

Kisima kimefunikwa kwa bati na jiwe juu yake. Kila asubuhi mama huja kuchota kwenye tangi langu, na hapiti bila kuinua ncha ya turubai na kuinusa mifuko. "Bado," husema. Vumbi la uwanjani limerudi kama zamani. Jumamosi jioni mama hujaza jerikeni kwangu kwa ajili ya kanisa, nami huzibeba moja moja hadi uwanjani, mgongo ukiniuma. Kubeba ananiachia. Kumwaga anamwaga mwenyewe.